Mlango wa Mninga

Mbalizi, Mbeya
14 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Barua hii naipiga picha kama kawaida na kuituma kwa mwenye duka la stationery hapo Wundanyi akuchapie, kwa hiyo ukiona kivuli cha kidole pembeni, hicho ni kidole changu. Ningependa tuongee kwa simu kama wenzetu, lakini umeshasema masikio yako yamestaafu kabla yako, basi tuendelee na karatasi.

Mimba imefikisha miezi sita. Nakula vizuri mno. Ipyana yuko safarini na lori, safari hii amepeleka saruji Zambia, na kila akipiga simu ananiuliza kama tumbo limeongezeka, kana kwamba linaweza kupungua.

Nina ombi lile lile, na nitalirudia mpaka unichoke. Nataka nijifungulie hapa, nawe uwe kando yangu. Najua kwetu Taita mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Lakini huu ni mwaka wangu wa nne nje ya Kenya na hapa ndipo kwangu sasa. Nataka mtoto afungulie macho kwao, na uso wa kwanza auone wako.

Kuhusu baba mkwe, usiwe na wasiwasi. Ananichukulia kama binti yake. Jioni tunakaa pamoja, tunakunywa chai ya tangawizi, naye ananisimulia habari za reli, alivyokuwa fundi wa mabehewa. Tunacheka sana.

Mwambie dada Mghoi watoto waje na masweta.

Mwanao,
Wakesho


Wundanyi
22 Julai 2024

Wakesho,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na minne nimesahihisha insha za watoto, na ninajua insha ya mtoto aliyeitunga usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Miaka minne unaniandikia, hujawahi hata mara moja kuandika jina la mzee huyo. Anayekunywa chai na mtu kila jioni hulijua jina lake.

Unakumbuka harusi yako, au nikukumbushe. Mzee alisafiri siku mbili kutoka Mbeya mpaka hapa, akaenda kukaa nyuma ya hema, kofia usoni, mgongo kwako. Nilimpelekea maji kwa mikono yangu, nikamwomba aje akupe mkono wa heri. Akaniambia, "Haiwezekani, mwalimu." Basi. Neno hilo bado limenikaa hapa kifuani, na ndilo lililonifanya niape kwamba sitakanyaga nyumba ambayo mwanangu hapewi salamu.

Mghoi anakuja kwako kutoka Mombasa likizo ya Agosti na watoto wote watatu. Nimemwomba awe macho yangu. Akiona unaheshimiwa, nitafunga begi Oktoba, nije. Akiona vingine, atakuja nawe, na mjukuu wangu atazaliwa hapa.

Kula maini.

Mama yako,
Mwalimu Mkawasi


Mbalizi
9 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama, ila nusu ya safari watoto walitapika na nusu nyingine waliimba, na sijui abiria walichukia ipi zaidi. Milima ya Kitonga ilimaliza machungwa yote tumboni mwa Mkamburi. Ipogolo pale Iringa tulipumzika kwa Ikupa, wifi yake Wakesho, mdogo wa Ipyana. Msichana mcheshi, alitupokea na uji wa moto kabla hata hatujasema sisi ni nani. Chimala nilinunua mchele kwa dirisha la basi, na mchele wenyewe unanukia mpaka mfukoni.

Baridi ya hapa usiniulize. Asubuhi ya kwanza Mwakio alitoka uani, akaona mvuke unamtoka mdomoni, akarudi akilia kwamba anaungua ndani. Nilipomweleza, yeye na Mkamburi wakahamia nje kuvuta sigara za mvuke. Sasa wana miaka sita na minne na hawataki kuacha. Amos nimemvisha masweta matatu ya mtumba kutoka soko la hapa Mbalizi, mikono imesimama pembeni, akianguka anadunda na kuendelea na safari.

Wakesho amependeza. Anacheka, amenenepa, majirani wanampenda. Anatuhudumia mpaka naona aibu. Analala chini ili watoto wapate kitanda, nikimgombeza anasema mgongo ndio unaotaka hivyo.

Ila kuna jambo. Aliniambia mzee amekwenda shamba, Rungwe. Lakini mimi namsikia mtu anakohoa sebuleni kila asubuhi, na nikifika nakuta kikombe kitupu. Mkamburi anamtaja "babu wa kofia" kama mtu wanayejuana. Tena Wakesho hapiti mlango wa mbele hata siku moja. Ana mlango wake huko uani, mlango mzito wa mninga, mzuri kuliko wa mbele, lakini ni wa uani, Mama. Na asubuhi nakuta mtu ameweka kizingitini ndizi, au maparachichi, au viazi kwenye kopo, kama mtu anayemwachia ombaomba.

Bado nachunguza.

Mghoi


Mbalizi
10 Agosti 2024

Wifi yangu Ikupa,

Nakuandikia karatasi na kumpa dereva wa Hiace ya Iringa kwa sababu nyumba ni ndogo na dada yangu anasikia kila ninachosema kwenye simu. Nimejichimbia shimo, wifi.

Unajua mambo ya baba yenu na mimi. Miaka minne sijamwona uso, naye hajaniona wangu. Jina lake silitaji. Akiwa sebuleni mimi napita kwangu, nikiwa njiani yeye anaingia shambani mpaka nipite. Mlinifundisha wenyewe, wewe na mama yenu kabla hajafariki, kwamba ndiyo heshima ya mkwe na mkamwana kwa Wanyakyusa, na mimi nimeizoea, naipenda hata. Chai yake naiweka mezani, natoka, anakunywa. Anachonitafutia anakiweka kizingitini. Hatujawahi kukosana, maana hatujawahi kuongea.

Sasa mama yangu alichukia siku ya harusi. Nilijaribu kumweleza mwaka ule wa kwanza, akaniandikia kwamba hata mtumwa alikuwa anasalimiwa. Nikaona afadhali nimtulize. Nikamwandikia kwamba tunakunywa chai pamoja. Baadaye nikaongeza kwamba ananisimulia habari za reli. Uongo ukishaanza kunoga unautia na chumvi. Na hapa dada alipofika, badala ya kusema ukweli, nikasema mzee yuko Rungwe, na mzee yuko chumba cha mbele anakohoa.

Nifanyeje? Mama akijua, haji. Na mimi bila yeye kuwepo Oktoba sitaki hata kufikiria.

Wifi yako,
Wakesho


Ipogolo, Iringa
12 Agosti 2024

Wifi,

Ugonile. Nimesoma nikicheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza barua ya nani.

Dawa yako ni moja tu na ni chungu: mwambie dada yako leo, kabla ya chakula. Mwambie, dada, huku mkwe anayekuheshimu anakukwepa, ndiyo mila. Mbona ni maneno machache tu. Wewe umeolewa Unyakyusa, hujafungwa jela, kuna nini cha kuficha?

Halafu unamsumbua baba. Jana kanipigia simu analalamika kwamba kwenye nyumba yake mwenyewe anaambiwa yuko Rungwe. Anasema yule mtoto Mkamburi kaja kumuuliza, "Babu, Rungwe ni hapa?"

Sema leo, wifi. Dada yako nilimwona siku ile moja tu, na nikaona ni mtu wa kuchukua hatua.

Ikupa


Mbalizi
14 Agosti 2024

Mama,

Keti kwanza.

Jana nilichoka kuchunguza. Nilijua mzee yumo humu ndani na nilijua Wakesho ananificha. Nikasema hawa watu wawili hawajakutanishwa tu, mimi nitawakutanisha. Wakesho alipokwenda kisimani na ndoo ndogo (ndoo kubwa nimemkataza), nikaufunga ule mlango wa uani kwa kufuli, ufunguo nikauficha kwenye kopo la unga. Nikapika wali wa Chimala kwa nazi niliyotoka nayo Mombasa. Nikamtuma Mkamburi amlete babu mezani. Akaja, Mama, ameshikwa mkono na mtoto. Mzee mrefu, nadhifu, koti na kofia. Akanisalimia vizuri sana, akaniuliza safari, akaniuliza afya yako. Nikaanza kusema moyoni, mbona ni mtu.

Wakesho akarudi, akakuta mlango wake umefungwa, akazunguka mbele. Mzee aliposikia tu kandambili zake barazani, akasimama. Akatazama mlango wa uani, kufuli. Akatazama mlango wa mbele, kivuli cha mwanao. Mama, mzee wa miaka sabini na miwili alipanda kochi, akafungua dirisha, akaruka nje. Na kofia yake.

Watoto walishangilia. Mwakio naye akataka kuruka.

Ameteguka kifundo cha mguu. Majirani wamembeba kwenye bodaboda kwenda zahanati. Na mimi nikamgeukia Wakesho nikamwambia, basi nimeona kwa macho yangu, huyu mtu afadhali avunjike mguu kuliko kukusalimia. Wakesho akakaa chini akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akasema "nilikuwa nakuja kukwambia leo, nilikuwa nakuja kukwambia." Sikumpa nafasi. Nilisema mengi ambayo siyaandiki hapa kwa sababu unachapishiwa dukani.

Nimemwambia afunge mizigo. Amekataa. Kesho alfajiri mimi na watoto tunaondoka, na wewe mwandikie.

Mghoi


Wundanyi
15 Agosti 2024

Wakesho,

Nimesoma ya Mghoi. Mwenye duka la stationery ameisoma pia, amenipa pole.

Umenidanganya miaka minne. Hilo tutalizungumza. La leo ni hili: njoo nyumbani. Sitakuja huko.

Mama


Ipogolo
16 Agosti 2024

Mdogo wangu Wakesho,

Naandika nikiwa jikoni kwa Ikupa, Amos yuko mapajani anaila pembe ya karatasi hii, nisamehe ikifika pungufu.

Tulishuka hapa ili watoto wapumzike. Nilianza kumwambia Ikupa ubaya wa baba yake, nikijua ni baba yake, ujue nilivyokuwa nimekasirika. Nilipofika kwenye kufuli alishika mdomo. Nilipofika kwenye dirisha alikaa sakafuni, akacheka mpaka Mkamburi akamletea maji. Kisha akafuta machozi, akaniuliza kama naujua ule mlango ulitoka wapi.

Wakesho, kwa nini hukuniambia habari za ule mlango? Amenieleza kwamba zamani nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu, na kila mzee akiwa sebuleni wewe ulikuwa unasubiri nje, na akikusikia yeye anatoka akae kwenye baridi ili wewe uingie. Kwamba masika yako ya kwanza alikukuta umesimama chini ya mpapai na ndoo kichwani, unalowa, unamsubiri amalize kusikiliza taarifa ya habari. Kwamba kesho yake alianza kuvunja ukuta. Na kwamba zile mbao za mninga alikuwa amezihifadhi darini miaka kumi na moja kwa ajili ya jeneza lake, na watoto wake wote walipiga kelele, naye akasema atazikwa kwa mkaratusi kama watu wengine, lakini binti wa watu hatalowa tena.

Na mimi nikautia kufuli.

Nikamwita Mkamburi, nikamuuliza yeye na babu wa kofia huwa wanaongea nini. Akasema, "Kila asubuhi ananiuliza, mama yako mdogo amelala vizuri? Amekula? Mtoto anacheza tumboni? Naenda kumuuliza mama mdogo, narudi kumwambia babu." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Hukuniuliza."

Sikwenda Dar. Tiketi nimeibadilisha. Tunarudi huko kesho, na mimi nitaingia kwa mlango wa uani, kwa magoti ikibidi. Ufunguo uko kwenye kopo la unga, ule wa dona.

Dada yako mjinga,
Mghoi


Mbalizi
18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Sijaja nyumbani, na tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Dada Mghoi amerudi jana na watoto. Amekuambatanishia barua yake, humo ameeleza habari ya mlango, nami sitairudia kwa sababu nikiisimulia nalia na karatasi ni moja. Yote aliyoandika ni kweli.

Uongo ni wangu. Sijawahi kunywa chai na mzee. Sijawahi kusikia hadithi hata moja ya reli kutoka mdomoni mwake. Zile nilizokuandikia nilisimuliwa na Ipyana. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa naogopa. Ulipoandika kwamba hata mtumwa alikuwa anasalimiwa, niliona nikikueleza tena utaniona mtu niliyezoea kudharauliwa, na hilo lingeniuma kuliko uongo. Ningekuheshimu zaidi kama ningekuamini. Nisamehe, Mama.

Jina lake sikuliandika kwa sababu mkamwana haliandiki. Ndilo kosa pekee ulilolikuta, na ndilo pekee lililokuwa kweli.

Kifundo kimevimba kidogo, daktari amesema wiki mbili. Anakaa sebuleni, mguu juu ya kigoda, Amos amekifanya kigoda hicho kituo cha basi. Leo asubuhi nimemwekea tangawizi mara mbili kwenye chai. Mkamburi alipeleka, akarudi na jibu: "Babu anasema hapo ndipo penyewe." Ni mara ya kwanza katika miaka minne kujua kama chai yangu anaipenda. Niliingia chumbani nikafurahi peke yangu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nakuomba tena. Njoo Oktoba.

Mwanao,
Wakesho


Mbalizi
S.L.P. hakuna
20/8/2024

Mwalimu Mkawasi,
Wundanyi, Kenya.

YAH: KURUKA DIRISHA NA MAMBO YANAYOHUSIANA NALO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba mzazi wa Ipyana, mstaafu wa reli, fundi wa mabehewa. Nimearifiwa kwamba tarehe 13 mwezi huu niliruka dirisha la sebule yangu na kwamba jambo hilo limekuletea huzuni. Nakiri kuruka. Nilitathmini njia zote za kutokea na hiyo ndiyo ilikuwa imebaki.

Naomba nieleze. Katika nyumba hii kuna watu wengi siwakimbii. Ipyana simkimbii. Jirani yangu Jailos, ambaye hajarudisha randa yangu, simkimbii. Ninamkimbia mmoja tu, kwa sababu kwetu ndiye aliye mkubwa kwa heshima, mke wa mwanangu. Baba yangu alimkwepa mke wangu hivyo hivyo, na baba alipofariki, mke wangu alisema hakuna aliyewahi kumstahi kama mzee yule.

Siku ya harusi ulipoleta maji nilikuwa na maneno haya ya kukueleza. Lakini nilikuwa ugenini, watu wengi, wewe ni mwalimu, Kiswahili kikanikauka kinywani. Nikasema haiwezekani. Nimelijutia neno hilo miaka minne, siyo kwa sababu si la kweli, ila kwa sababu lilikuwa fupi.

Binti zako wameniomba msamaha, mmoja kupitia mtoto na mwingine uso kwa uso. Wote nimewasamehe. Wajukuu wako wanakula vizuri na wamevunja kiti kimoja ambacho kilikuwa kinangoja kuvunjika.

Ninaomba uje. Chumba cha mbele chenye jua nimekihama, nimeweka kitanda changu chumba cha zana, nimekizoea, kinanukia mbao.

Nakutakia kazi njema.

Sedekia
(Baba Ipyana)


Wundanyi
29 Agosti 2024

Mkwe wangu Mzee Sedekia,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara moja tu, na sikuhitaji kalamu.

Acha nikusimulie kitu, nami niaibike kidogo kama ulivyoaibika wewe. Marehemu mume wangu alikuwa akimwona mama yangu njiani, anaingia kwenye vichaka. Huko kwetu mkwe wa kiume hukaa mbali na mama wa mkewe, na watu wa umri wetu walilishika sana jambo hilo. Miaka ishirini na saba sikuwahi kuwaona wamekaa chumba kimoja. Siku moja alitokeza kwenye kona akiwa na baiskeli, akamkuta mama uso kwa uso, akaitupa baiskeli na yeye mwenyewe bondeni. Alikuja nyumbani ana miba mpaka masikioni. Na mama yangu alipofariki, katika waombolezaji wote aliyelia kwa sauti ni yeye.

Nilikuwa nalijua hili. Nimelijua maisha yangu yote. Ila kwetu anayekimbia ni mkwe wa kiume na anayekimbiwa ni mama mtu mzima, kwa hiyo nilipomwona mzee anamgeuzia mgongo bibi harusi, binti yangu, sikuona heshima, niliona dharau. Mwalimu mzima. Ulinijibu kwa kifupi na mimi nikasoma vibaya.

Nitafika tarehe mosi Oktoba. Chumba chako cha jua rudi ukilalie, mimi nitalala na mwanangu. Sharti langu ni moja: chini ya dirisha la sebule wekeni ngazi.

Na mwambie Wakesho uongo wake nimeusamehe, lakini alama nimempunguzia.

Mkawasi


Mbalizi
17/10/2024

Kwa: Ndugu Mkawasi Ipyana,
Umri: siku tatu,
Chumba cha uani.

YAH: UJUMBE KWA MAMA YAKO

Mjukuu wangu,

Karibu. Bibi yako mwalimu amekupitisha dirishani leo asubuhi nikakuona, na nimeridhika na kazi iliyofanyika.

Nakuandikia wewe kwa sababu tangu mama yako aje katika nyumba hii nina maneno na sina wa kuyabeba. Mkamburi alinifanyia kazi hiyo wiki mbili, kwa uaminifu, akarudi Mombasa. Sasa umekuja wewe. Ajira yako inaanza leo, haina likizo, na mshahara ni ndizi.

Mwambie mama yako ndaga fijo. Asante kwa chai ya miaka minne. Asante kwa kutokwenda nyumbani siku ile alipoitwa, na haki alikuwa nayo.

Bibi yako ameniuliza kama sijutii zile mbao. Nimefikiria jibu. Mwambie mama yako kwamba zile mbao nilizinunua kwa ajili ya safari ya kutoka. Zilikaa darini miaka kumi na moja, kila nikizitazama nikiona jioni yangu. Sasa kila asubuhi nazisikia zinafunguka na mtu anaingia. Sijutii hata msumari.

Ukishakua utaniambia sura ya mama yako ikoje. Usiniambie mapema, napenda kungoja.

Babu yako,
Sedekia


Mbalizi, chumba cha uani
17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri

Babu,

Shikamoo. Mimi ni Mkawasi, mkono ni wa mama kwa sababu wangu bado umefungwa kwenye kanga.

Ujumbe nimeufikisha. Mama amelia. Bibi amemwambia aache kulilia karatasi, wino unatawanyika, kisha akaingia jikoni na kulia mwenyewe kwenye sufuria ya uji.

Baba yangu amefika kutoka Tunduma, amenibeba kama yai, amempigia bibi saluti kwa mbali na kwenda kujificha kwenye lori. Bibi anasema huyo sasa amelelewa.

Mama anasema chai ipo mezani, tangawizi mara mbili. Anasema pia kwamba kuna barua aliyomwandikia bibi mwezi wa saba, ya uongo, na angependa umsaidie kuisahihisha. Kwa hiyo leo jioni tutakaa uani, mimi na yeye, na mlango wa mninga tutauacha wazi. Wewe kaa sebuleni kwenye kiti chako na kikombe chako. Halafu nisimulie habari za reli, Babu, kwa sauti kidogo, maana mimi bado mdogo.

Mama hatasikiliza. Atakuwepo tu hapo karibu, anamenya viazi.

Mkawasi